Kutoka Mahakamani hadi Ukumbi wa Maonesho: Historia ya Makumbusho ya Uumbaji nchini Marekani, 1924–2016

Ikisiri

Insha hii inachunguza chimbuko na maendeleo ya makumbusho yanayoeleza historia ya maumbile kwa mujibu wa masimulizi ya Kitabu cha Mwanzo. Mfano mkuu ni Makumbusho ya Uumbaji yaliyofunguliwa Petersburg, Kentucky, mwaka 2007. Insha inatetea hoja kwamba makumbusho hayo hayakuzuka ghafla, wala hayaelezeki kwa utajiri wa wafadhili pekee. Yalizaliwa baada ya watetezi wa uumbaji kushindwa kubadili makumbusho na shule za umma kwa njia ya malalamiko na mashtaka. Aidha, yaliwezekana kwa sababu makumbusho ya sayansi yalikuwa yamezoea kuonesha matokeo bila kuonesha njia iliyofikisha kwenye matokeo hayo. Sehemu ya mwisho inalinganisha historia hiyo na mjadala uliotokea Nairobi mwaka 2006.

1.0 Utangulizi

Tarehe 28 Mei 2007, huko Petersburg, kaskazini mwa jimbo la Kentucky, shirika la kidini la Answers in Genesis lilifungua makumbusho yaliyogharimu takribani dola milioni 27. Mgeni aliyeingia humo alikuta vitu ambavyo angetarajia kuvikuta katika makumbusho yoyote ya historia ya maumbile: visukuku, dinosaria, sanamu zinazoendeshwa kwa mitambo, ukumbi wa nyota na vibao vya maelezo. Kilichotofautiana ni kalenda. Jiolojia hukadiria umri wa dunia kuwa takribani miaka bilioni 4.5. Vibao vya Petersburg vilieleza kwamba dunia iliumbwa kwa siku sita za saa 24, takribani miaka 6,000 iliyopita. Kwamba sehemu kubwa ya matabaka ya miamba iliwekwa na Gharika ya Nuhu. Na kwamba binadamu na dinosaria waliishi wakati mmoja.

Swali linalojitokeza kwa mwanahistoria si kama madai hayo ni sahihi. Ushahidi wa jiolojia, fizikia na biolojia umekwisha kulijibu swali hilo. Swali ni kwa nini kundi lililopinga nadharia ya mageuko kwa miongo mingi, kwa mahubiri, vitabu na kesi, hatimaye lilichagua makumbusho, yaani taasisi iliyokuwa ngome ya wapinzani wake. Wapo wanaolijibu swali hili kwa kutaja ujinga wa umma, na wapo wanaotaja biashara ya burudani. Majibu yote mawili yana upungufu. La kwanza halielezi kwa nini makumbusho, na si kitu kingine. La pili halielezi kwa nini wakati ule.

Katika insha hii, istilahi “watetezi wa uumbaji” inatumika kwa maana finyu. Inawahusu wale wanaoshikilia kwamba dunia ni changa na kwamba Gharika ilikuwa tukio la kijiolojia lililoenea duniani kote. Haiwahusu waumini wote wanaokiri kuwa Mungu ni Muumba, kwa kuwa wengi miongoni mwao hawaoni mgongano kati ya imani hiyo na umri mkubwa wa dunia.

2.0 Malalamiko Dhidi ya Makumbusho ya Umma

Makumbusho makubwa ya historia ya maumbile ya Marekani yalijengwa katika nusu ya pili ya karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ambapo ilisadikiwa kwamba raia huelimika kwa kuona vitu halisi vilivyopangwa kwa utaratibu. Katika Makumbusho ya Historia ya Maumbile ya Marekani jijini New York, rais wa makumbusho hayo, Henry Fairfield Osborn, alisimamia uundaji wa Ukumbi wa Enzi ya Binadamu, ambamo mabaki ya watu wa kale yalioneshwa pamoja na michoro mikubwa ya ukutani. Mpangilio wake ulimwongoza mgeni kuona safari moja iliyonyooka, kutoka viumbe wa kale hadi binadamu wa leo.

Mwaka 1924, mchungaji wa Kibaptisti John Roach Straton aliushambulia ukumbi huo hadharani, akidai kwamba unapotosha vijana na kwamba simulizi la Biblia nalo lilistahili nafasi. Mwaka uliofuata, mwalimu John Scopes alishtakiwa mjini Dayton, Tennessee, kwa kukiuka sheria ya jimbo iliyokataza kufundisha kwamba binadamu ametokana na wanyama. Alitozwa faini ya dola 100. Kesi ya Scopes imeandikwa sana, na malalamiko ya Straton yamesahaulika. Hata hivyo, kwa historia ya makumbusho malalamiko hayo ndiyo yenye uzito zaidi, kwani yanaonesha kwamba tangu mapema ukumbi wa maonesho ulitambuliwa kuwa mahali pa mafundisho sawa na darasa.

Yafaa kukumbuka kwamba wapinzani wa mageuko wa miaka ya 1920 hawakuwa na msimamo mmoja kuhusu umri wa dunia. William Jennings Bryan, aliyesaidia upande wa mashtaka huko Dayton, alikiri akiwa kizimbani kwamba siku za uumbaji huenda hazikuwa siku za saa 24. Fikra ya dunia changa iliyoumbwa upya na Gharika ilitetewa wakati huo hasa na George McCready Price, Mwadventista wa Sabato aliyechapisha kitabu cha jiolojia mwaka 1923. Mwanahistoria Ronald Numbers ameonesha jinsi fikra hiyo ya wachache ilivyohamia kwa Wakristo wa kiinjili kupitia kitabu cha John Whitcomb na Henry Morris kuhusu Gharika, kilichotoka mwaka 1961. Morris alikuwa mhandisi mwenye shahada ya uzamivu. Kuanzia hapo, upinzani ulianza kuvaa vazi la sayansi: ulikuwa na michoro, takwimu na istilahi, na haukutegemea tena aya za Maandiko peke yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 makumbusho ya umma yalilengwa tena, safari hii kwa njia ya mahakama. Dale Crowley, mhubiri wa eneo la Washington, alilishtaki shirika la makumbusho ya taifa, Smithsonian, akidai kwamba kutumia fedha za serikali kwa maonesho kuhusu mageuko ni kuanzisha dini ya ubinadamu usio na Mungu. Mwaka 1980 mahakama ya rufaa ilikataa hoja hiyo, ikaona kwamba maonesho hayo yalihusu elimu ya sayansi na hayakumzuia mtu yeyote kushika imani yake. Tangu hapo ilidhihirika kwamba makumbusho ya taifa yasingebadilishwa kwa amri ya jaji.

3.0 Mlango wa Darasa Wafungwa

Wakati huohuo, pambano la shuleni lilikuwa likielekea kwenye matokeo yaleyale. Mwaka 1968, katika kesi ya Epperson dhidi ya Arkansas, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria za kukataza kufundisha mageuko. Watetezi wa uumbaji walibadili mbinu. Badala ya kutaka mageuko yaondolewe, walitaka “sayansi ya uumbaji” ipewe muda sawa darasani. Arkansas na Louisiana zilipitisha sheria za namna hiyo mwaka 1981.

Sheria ya Arkansas ilianguka Januari 1982, baada ya Jaji William Overton kusikiliza wanasayansi na wanatheolojia na kuamua kwamba sayansi ya uumbaji haina sifa za sayansi, kwa kuwa hitimisho lake huwekwa kwanza na haliwezi kukanushwa na ushahidi wowote. Sheria ya Louisiana ilibatilishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1987 kwa kura saba dhidi ya mbili. Msingi wa uamuzi ulikuwa Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayokataza serikali kuanzisha dini.

Mwaka 1987 una umuhimu wa pekee katika historia hii. Ndio mwaka ambao mlango wa darasa la umma ulifungwa rasmi. Ndio pia mwaka ambao Ken Ham, aliyekuwa mwalimu wa sayansi nchini Australia, alihamia Marekani kufanya kazi na Taasisi ya Utafiti wa Uumbaji iliyoanzishwa na Morris. Mambo hayo mawili hayakusababishana, lakini yaliandaa hatua iliyofuata kwa pamoja. Katiba iliibana serikali; haikumbana mtu binafsi mwenye kiwanja, wafadhili na hadithi ya kusimulia.

4.0 Kutoka Kibanda hadi Jumba

Makumbusho ya Petersburg hayakuwa ya kwanza. Mwaka 1984 Carl Baugh alianzisha makumbusho ya ushahidi wa uumbaji karibu na Glen Rose, Texas, kando ya Mto Paluxy, ambako nyayo za dinosaria zimehifadhika kwenye mwamba wa chokaa. Kwa miaka mingi ilidaiwa kwamba miongoni mwake zimo nyayo za binadamu. Uchunguzi wa kina ulipoonesha katikati ya miaka ya 1980 kwamba nyingi ya nyayo hizo ndefu zilikuwa za dinosaria waliokanyaga kwa unyayo mzima, na kwamba alama za vidole vyao zilikuwa zimejaa udongo wa rangi nyingine, hata viongozi wa Taasisi ya Utafiti wa Uumbaji waliacha kuzitumia kama hoja. Makumbusho ya Glen Rose hayakuacha. Taasisi yenyewe ilifungua makumbusho yake huko Santee, California, mwaka 1992.

Ham alijitenga na taasisi hiyo kwa amani na kuanzisha shirika lake Kentucky mwaka 1994. Eneo hilo halikuchaguliwa kwa bahati: liko karibu na uwanja wa ndege wa Cincinnati, na sehemu kubwa ya wakazi wa Marekani wanaweza kulifikia kwa gari ndani ya siku moja. Kazi ya usanifu ilikabidhiwa kwa Patrick Marsh, aliyewahi kubuni vivutio vya filamu katika bustani ya burudani ya Universal huko Florida. Makumbusho yenyewe yalitangaza kupokea wageni zaidi ya 400,000 katika mwaka wa kwanza.

Tarehe 7 Julai 2016 shirika hilo lilifungua mradi wa pili huko Williamstown: mfano wa Safina ya Nuhu wenye urefu wa futi 510, uliogharimu takribani dola milioni 100. Mradi huo uliirudisha hoja mahakamani kwa sura nyingine. Mwaka 2014 serikali ya Kentucky ilikataa kuupatia nafuu ya kodi ya mauzo inayotolewa kwa vivutio vya utalii, nafuu iliyoweza kufikia dola milioni 18, kwa maelezo kwamba mradi ulikuwa wa kueneza dini na ungeajiri waumini tu. Shirika lilishtaki. Januari 2016 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba kulinyima nafuu inayotolewa kwa wote, kwa sababu ya dini yake, ni kukiuka Marekebisho ya Kwanza ya Katiba. Kwa hiyo kifungu kilekile kilichowatoa watetezi wa uumbaji darasani mwaka 1987 kiliwafungulia mlango wa utalii mwaka 2016. Kinachotenganisha hukumu hizo mbili ni mahali na mzungumzaji: darasani iliongea serikali, katika safina liliongea shirika binafsi.

5.0 Umbo Lililoazimwa

Kwa nini, basi, makumbusho, ilhali kulikuwa na redio, vitabu na mikutano ya injili? Jibu limo katika umbo la makumbusho yenyewe. Kitu kikiwekwa ndani ya kabati la kioo, kikamulikwa taa na kupewa kibao chenye jina la Kilatini, hupata heshima ambayo mahubiri hayawezi kuipa. Mgeni hadai kuoneshwa daftari la mchimbaji. Huamini kwamba kabla ya kitu kufika hapo, wapo waliokichunguza.

Makumbusho ya Petersburg yaliazima heshima hiyo bila kuazima utaratibu unaoizaa. Mfano ulio wazi ni onesho la wachimbaji wawili wanaofukua mifupa ya dinosaria mmoja. Mmoja anaeleza kwamba anaanza na akili ya binadamu, na anaona mamilioni ya miaka. Mwingine anaeleza kwamba anaanza na Neno la Mungu, na anaona Gharika. Ujumbe ni kwamba mifupa ni ileile, ila kianzio ndicho tofauti. Onesho hilo ndilo nguzo ya jengo zima. Mgeni akikubali kwamba elimu yote ni suala la kuchagua kianzio, hakuna kisukuku kitakachoweza kumbadili, kwa kuwa kila kisukuku kitakuwa kimekwisha kupewa maana kabla ya kuchimbwa.

Kinachofichwa na onesho hilo ni kazi iliyo kati ya kianzio na hitimisho. Umri wa mwamba haupatikani kwa kuuchagua. Hupatikana kwa kupima madini yenye mionzi, kulinganisha tabaka na tabaka, na kurudia vipimo katika maabara zisizotegemeana. Wanajiolojia wa kwanza waliokanusha Gharika ya dunia nzima, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, walikuwa na kianzio cha dini: Adam Sedgwick na William Buckland walikuwa makasisi wa Kanisa la Anglikana, na wote wawili walikuwa wameihusisha Gharika na matabaka ya juu ya ardhi kabla ya ushahidi kuwalazimisha kuachana na dai hilo. Historia hii inatosha kuonesha kwamba kianzio hakimfungi mtu aliye tayari kupima.

Hata hivyo, lawama isielekezwe upande mmoja tu. Ukumbi wa Osborn nao ulitoa hitimisho bila njia. Safari iliyonyooka ya michoro yake ilibeba pia fikra za ubora wa mataifa ya Ulaya ya kaskazini, fikra ambazo mifupa haikuzithibitisha na ambazo sayansi imezitupa. Mwaka 1922 Osborn alilitangaza jino moja kutoka Nebraska kuwa la nyani mwenye sifa za kibinadamu. Kufikia mwaka 1927 ilifahamika kuwa lilikuwa la mnyama wa jamii ya nguruwe. Watetezi wa uumbaji wamelitaja jino hilo kwa karibu karne nzima. Wanachokiacha ni kwamba kosa liligunduliwa na wataalamu walewale wa visukuku, kwa kurudi kuchimba palepale. Lakini makumbusho yaliyozoea kuuambia umma “hivi ndivyo ilivyo” hayakuwa na namna rahisi ya kuueleza umma kwamba kukosea na kujisahihisha ni sehemu ya kazi.

6.0 Mifupa ya Afrika Mashariki na Mjadala wa Nairobi

Sehemu kubwa ya ushahidi unaobishaniwa Kentucky ilitoka katika udongo wa Afrika Mashariki na Ethiopia. Mwaka 2012 Makumbusho ya Uumbaji yalifungua onesho kuhusu Lucy, mifupa iliyopatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974. Sanamu yake ilitengenezwa ikitembea kwa kuegemea vifundo vya vidole vya mikono kama sokwe, ingawa umbo la nyonga na goti lake limewaonesha wataalamu kwamba kiumbe huyo alitembea wima. Nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zilizofukuliwa na kikosi cha Mary Leakey kuanzia mwaka 1978 katika majivu ya volkano yenye umri wa takribani miaka milioni 3.6, hutajwa katika maandishi ya watetezi wa uumbaji kama nyayo za binadamu wa kawaida. Hapa uteuzi wa ushahidi unajidhihirisha: kutembea wima kunakataliwa katika mfupa wa Hadar, kisha kunakubaliwa katika unyayo wa Laetoli, huku umri wa majivu ukiwekwa kando.

Mvutano huo ulifika Nairobi mwaka 2006, wakati Makumbusho ya Taifa yalipokuwa katika ukarabati mkubwa. Viongozi wa makanisa ya kiinjili wakiongozwa na Askofu Boniface Adoyo walipinga visukuku vya chimbuko la binadamu kupewa nafasi ya mbele, wakataka visogezwe pembeni na umma uelezwe kwamba mageuko ni nadharia tu. Richard Leakey alipinga vikali. Kisukuku kilichokuwa kiini cha mjadala ni mvulana wa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka 1984, mwenye umri wa takribani miaka milioni 1.5. Makumbusho yalipofunguliwa tena mwaka 2008, visukuku vilioneshwa kama ilivyokusudiwa.

Ulinganisho huu una mafunzo mawili. Kwanza, mjadala wa Nairobi ulifanana na malalamiko ya Straton ya mwaka 1924 kuliko jumba la Petersburg: waliolalamika walitaka kubadili makumbusho ya umma, hawakujenga yao. Historia ya Marekani inaonesha kwamba kushindwa katika hatua hiyo si mwisho wa jambo. Pili, hoja ya Nairobi ilikuwa na uzito ambao haukuwepo Kentucky. Kwa Mmarekani, Lucy ni mgeni kutoka mbali. Kwa Mkenya, mvulana wa Turkana ni urithi wa taifa, uliotolewa ardhini na macho ya mtaalamu Mkenya. Kumsogeza pembeni kungekuwa pia kuisogeza pembeni kazi ya Kimeu na wenzake, ambao majina yao hayakupewa nafasi ya kutosha katika masimulizi ya ugunduzi.

7.0 Hitimisho

Insha imeonesha kwamba makumbusho ya uumbaji ni hatua ya mwisho ya mlolongo mrefu: malalamiko ya mwaka 1924, kesi ya Smithsonian iliyokwisha mwaka 1980, na hukumu za shule za mwaka 1968 hadi 1987. Kila mlango wa umma uliofungwa uliwasogeza watetezi wa uumbaji kwenye uwanja wa binafsi, ambako hakuna jaji wala mtaala, na ambako mgeni hulipa kiingilio na kuamua mwenyewe. Katika uwanja huo walitumia umbo ambalo makumbusho ya sayansi yalikuwa yamelijengea heshima kwa zaidi ya karne moja.

Umbo huazimika kwa urahisi. Utaratibu wa ushahidi hauazimiki. Kwa makumbusho ya Afrika Mashariki, yenye dhamana juu ya mifupa inayobishaniwa duniani kote, hilo lina maana ya kivitendo. Kibao kinachotaja jina na umri peke yake kinaweza kunakiliwa kesho na mtu yeyote kwa tarehe nyingine. Kibao kinachoeleza nani alichimba, katika tabaka gani, majivu yalipimwaje, na wapi wataalamu walikosea kabla ya kusahihishana, hakinakiliki bila kuifanya kazi hiyo. Mgeni aliyeoneshwa njia hiyo mara moja atakuwa na swali la kuuliza katika ukumbi wowote atakaoingia baadaye, uwe wa Nairobi, wa Olduvai au wa Petersburg.